Moshi wa jikoni ni siasa: uzi kuhusu wanawake, sheria za tabianchi na afya ya umma

1/ Kila mara mswada wa tabianchi au wa afya ukifika bungeni na mjadala ukianza redioni, kuna swali ambalo halikosi: "Sasa mambo ya wanawake yanaingiaje hapa?" Mmoja huuliza kwa kejeli, mwingine hujibu kwa kaulimbiu, na sisi wasikilizaji tunabaki pale pale. Leo nataka tulijibu kwa historia. Si historia ya mikutano na maazimio. Ni historia ya moto wa kupikia.

2/ Kanuni za hapa mnazijua: hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama. Tunataja sheria, mwaka na pesa. Ukitaka kumtetea mheshimiwa wako au kumchapa, soma mpaka mwisho kwanza, halafu uone kama hoja yake inasimama.

3/ Kwa nini moto? Sensa ya 2019 iliuliza kila nyumba inapikia nini hasa. Majibu: kuni asilimia 55.1, gesi 23.9, makaa 11.6, mafuta taa 7.8. Yaani zaidi ya nusu ya nyumba za Kenya chai ya asubuhi inaanza na kuni. Na mnajua wenyewe, katika boma nyingi anayezitafuta hizo kuni, anayezibeba na anayezipuliza ni mama au binti. Hilo halihitaji mtafiti.

4/ Sasa angalia: kuni moja inapita katika sheria tatu. Ikiwa bado ni mti, ni mambo ya misitu na tabianchi. Ikiwaka, moshi wake ni mambo ya afya. Ukiikimbia ukanunue gesi, umeingia kwa Sheria ya Fedha. Wizara tatu, kamati tatu za bunge, na mtu mmoja aliyeinama mbele ya mafiga.

5/ Hoja yangu ni hii. Usawa wa jinsia hapa kwetu haukusogea kwa sababu sheria fulani ilitaja neno "jinsia" mara nyingi. Ulisogea pale sheria ilipompa huyo mtu kitu cha kushika: mti ulio wake, kiti kwenye kamati, au bei anayoiweza. Na ulirudi nyuma pale kitu hicho kiliponyang'anywa, mara nyingi kimya kimya, na sheria ambayo hakuna aliyeiita ya wanawake.

6/ Tuanze mbali. Mwaka 1902 utawala wa kikoloni ulitoa kanuni za misitu na kuanzisha idara ya misitu. Msitu ukawa wa serikali, na aliyekuwa akiokota kuni humo tangu enzi za nyanya yake sasa alihitaji ruhusa. Wakati huo huo injini za reli zilikuwa zinachoma kuni kwa wingi. Kuni za reli zikaitwa maendeleo. Kuni za mama zikaitwa uharibifu. Huo mgawanyo tuliurithi, na mpaka leo unasikika kwenye hotuba.

7/ Mwaka 1921 ikaja sheria ya afya ya umma, ambayo tunaijua kama Public Health Act, Sura ya 242. Katika orodha yake ya kero za kiafya kuna bomba la moshi linalotoa moshi wa kudhuru watu. Ni jambo jema. Lakini jikoni la mafiga matatu halina bomba. Moshi wake hautoki kumsumbua jirani, unabaki ndani na mpishi na mtoto aliye mgongoni. Sheria iliandikwa ikimfikiria mtu anayeangalia moshi kutoka nje. Aliye ndani hakuandikwa.

8/ Mwaka 1954 ukaja mpango wa Swynnerton wa kuunganisha mashamba na kutoa hati, ukianzia Kenya ya Kati. Hati iliandikwa kwa jina la mkuu wa familia, na mkuu wa familia alikuwa mwanamume. Sheria ya ardhi iliyosajiliwa ya 1963 ikampa mwenye jina hilo mamlaka kamili. Kabla ya hapo, mila nyingi zilikuwa na njia za kumlinda mke anayelima kipande chake. Haki ile ya kutumia haikuandikwa kwenye hati. Aliyelima hakuwa mwenye shamba, na mti ukifuata shamba, basi hata mti haukuwa wake.

9/ Ubaya wa hilo ulionekana wazi Kakamega miaka ya 1980. Mradi wa utafiti wa kuni ulienda huko ukitarajia kukuta upungufu wa miti. Ukakuta mashamba yamejaa miti! Ila jikoni hakuna kuni. Inawezekanaje? Miti ilikuwa ya wanaume: ya kujengea, ya kuuza nguzo, ya kuonyesha mpaka. Mwanamke kupanda mti kulimaanisha anadai ardhi, kwa hivyo kulikuwa na mwiko. Iliaminika akipanda atakuwa tasa au mumewe atafariki.

10/ Suluhisho lilikuwa la akili. Wanawake wa huko tayari walikuwa wakikuza sesbania, ambayo ilihesabiwa kuwa kichaka tu, si mti. Mwiko haukuigusa. Mradi ukaongeza mimea ya aina hiyo, kama kaliandra, inayokua haraka na kutoa kuni bila mtu kugombana na mumewe. Hebu shika hapo: ungeenda Kakamega na sheria ya "kupanda miti zaidi", ungepata miti zaidi na jikoni lile lile bila kuni. Shida haikuwa idadi ya miti. Shida ilikuwa mti ni wa nani.

11/ Hilo la Kakamega si hadithi ya zamani. Leo tuna mpango wa taifa wa kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032. Kila siku ya kupanda miti tunaona picha. Swali la Kakamega bado halijapitwa na wakati: mche ukikua, ni nani atakayeruhusiwa kukata tawi?

12/ Kuna waliolielewa swali hilo mapema. Mwaka 1977, chini ya Baraza la Kitaifa la Wanawake, vuguvugu la Green Belt lilianza kwa kupanda miti saba katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi. Mwanzilishi wake mnamjua. Simtaji kwa sababu baadaye aliketi bungeni, na kanuni ni kanuni. Wanawake wa mashambani walimweleza shida zao: kuni ziko mbali, maji yanakauka, chakula hakitoshi. Hakuwapa semina. Waliotesha miche na wakalipwa kiasi kidogo kwa kila mche ulioshika.

13/ Malipo yale yalikuwa madogo lakini yaliingia mkononi mwa mwanamke mwenyewe. Ndiyo maana vuguvugu lilienea. Na ndiyo maana liliogopwa. Mwaka 1989 lilipopinga ujenzi wa jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, kuna waheshimiwa waliosimama bungeni kuwadharau wanachama wake kuwa ni kundi la wanawake walioachika. Hakuna aliyejibu hoja ya bustani. Walijibu ndoa za watu. Jumba halikujengwa, na leo ukipumzika chini ya mti pale, unapumzika juu ya hoja walioshinda wale "walioachika".

14/ Turudi jikoni. Agosti 1981 Nairobi iliandaa mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu nishati mpya. Dunia ilikuwa na hofu ya bei ya petroli. Kwetu hofu ilikuwa kuni na makaa. Katika miaka iliyofuata mafundi wa jua kali wakaanza kutengeneza lile jiko la makaa lenye kiuno chembamba na udongo ndani, ambalo wengi mmelikuta nyumbani. Wazo lilitoka Thailand, mikono ikawa ya Shauri Moyo na kwingineko. Kwa vijijini, Maendeleo ya Wanawake walishiriki kusambaza jiko la kuni la udongo.

15/ Majiko hayo yaliokoa makaa na pesa, hilo halina ubishi. Lakini kumbuka: hakuna sheria iliyoyabeba. Yalibebwa na miradi, na mradi huwa na mwisho. Mwaka 1985 Nairobi ikaandaa mkutano wa tatu wa dunia kuhusu wanawake, na azimio lake likazungumzia maji, nishati na mazingira. Wageni wakarudi kwao na hati. Wenyeji wakarudi kwa mafiga.

16/ Katikati ya hayo yote kuna sheria moja ambayo hutaisikia kwenye mjadala wa tabianchi, na ungepaswa kuisikia. Sheria ya Urithi ilipitishwa 1972, ikaanza kutumika Julai 1981. Ilimtambua mjane na binti. Lakini kwa anayefariki bila wosia, iliacha nje ardhi ya kilimo, mazao na mifugo katika wilaya 12: West Pokot, Turkana, Marsabit, Samburu, Isiolo, Mandera, Wajir, Garissa, Tana River, Lamu, Kajiado na Narok. Huko mila ndiyo ingeamua.

17/ Soma tena orodha hiyo polepole. Karibu yote ni maeneo makavu. Ni majina yale yale tunayoyasikia kila ukame ukipiga. Kati ya 2020 na 2023 misimu mitano ya mvua ilikosa mfululizo na mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa. Pahali ambapo tabianchi inauma zaidi ndipo sheria ilipompa mjane haki ndogo zaidi juu ya ng'ombe na shamba. Baada ya Katiba mpya mahakama zina kifungu cha 27 cha kuegemea, ndio. Lakini kufika mahakamani kunataka nauli, wakili na moyo wa kusimama mbele ya mashemeji.

18/ Miaka ya 2000 mambo yalianza kubadilika. Mwaka 2004 serikali iliondoa VAT kwenye sodo. Hakuna aliyesema hiyo ni sheria ya jinsia. Ilikuwa mstari mmoja kwenye sheria ya kodi. Sheria ya Misitu ya 2005, iliyoanza kutumika 2007, ikaruhusu wenyeji kuunda vyama vya jamii vya kusimamia msitu pamoja na serikali, na kuokota kuni kukatajwa kama haki ya mtumiaji. Zaidi ya miaka 100 tangu kanuni za 1902, anayeokota kuni akaanza kuonekana kama mdau, si mwizi.

19/ Sheria ya Ajira ya 2007 nayo: likizo ya uzazi ya miezi mitatu yenye mshahara, na baba siku 14. Sheria ya awali ilikuwa inatoa miezi miwili, halafu mama anapoteza likizo yake ya mwaka. Naitaja kwa sababu ni mfano wa sheria yenye namba. Namba inaweza kudaiwa. "Kuzingatia maslahi ya akina mama" haiwezi kudaiwa mahali popote.

20/ Agosti 27, 2010, Katiba. Kifungu cha 42: haki ya mazingira safi na yenye afya. Cha 43: afya, pamoja na afya ya uzazi, na maji safi. Cha 60: kuondoa ubaguzi wa kijinsia katika sheria na mila za ardhi. Cha 27: si zaidi ya theluthi mbili ya jinsia moja katika vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa. Kwa mara ya kwanza mti, moshi, shamba na kiti vikawa kwenye kitabu kimoja.

21/ Mnajua kilichofuata kwa theluthi mbili. Mahakama ya Juu ilitoa ushauri 2012, tarehe ya mwisho ikawa Agosti 2015, ikapita. Septemba 2020 Jaji Mkuu akashauri bunge livunjwe kwa kushindwa kupitisha sheria hiyo. Halikuvunjwa. Ni vita halali na siidharau. Lakini wakati kamera zote ziko hapo, sheria nyingine zilikuwa zinapita mlango wa pembeni, na zilimgusa mpishi moja kwa moja.

22/ Mwaka 2016 ni wa kukumbukwa. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ilipitishwa, na inaagiza usawa wa jinsia na wa vizazi uzingatiwe katika kila hatua ya kukabili tabianchi. Maneno mazuri. Mwaka huo huo Sheria ya Fedha iliondoa VAT kwenye gesi ya kupikia. Hii ya pili haikutaja jinsia hata mara moja. Niambie, ni ipi iliyofika jikoni kwanza?

23/ Halafu fuata mfululizo. Septemba 2018: tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa, ili kukomesha wanaoyachanganya na dizeli. Julai 2021: VAT ya asilimia 16 inarudi kwenye gesi. 2022: inashushwa hadi 8. 2023: inaondolewa tena. Chukua hesabu ya mfano tu. Gesi ya shilingi 2,000 kabla ya ushuru, asilimia 16 ni shilingi 320. Kwa mwenye mshahara ni usumbufu. Kwa mama mboga ni pesa ya unga, na mtungi unakaa kona bila kujazwa.

24/ Tuwe wa haki. Waliopandisha hawakuwa wanapiga vita wanawake. Walikuwa wanatafuta mapato, na wachanganyaji mafuta ni tatizo la kweli. Ila hakuna mtu mezani aliyeulizwa: aliyekuwa anapikia mafuta taa ataenda wapi? Haendi kwa gesi kwa sababu umemtoza. Anaenda anakoruhusiwa na mfuko wake, na mfuko ukipungua, njia inarudi kwa makaa na kuni. Nchi ina sheria ya tabianchi inayomsukuma mbele na sheria ya kodi inayomrudisha nyuma, zote zimetiwa sahihi na mkono mmoja.

25/ Kisa kingine: Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii. Ilitangazwa kwa siku 90, ikaongezwa na kuongezwa. Misitu ilihitaji kupumua, mito ilikuwa inakauka, na wafanyabiashara wakubwa wa mbao walistahili kubanwa. Lakini bei ya makaa ilipanda mjini, na hakukuwa na mpango wa jikoni kuandamana na marufuku. Wanaume wachomaji makaa nao walipoteza kazi. Ukifunga mlango mmoja bila kufungua mwingine, hujahifadhi mazingira. Umehamisha mzigo kwa asiye na pa kuutua.

26/ Na afya je? Shirika la Afya Duniani linakadiria moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, wakiwemo watoto zaidi ya 237,000 wasiofika miaka mitano. Ni nimonia kwa watoto. Kwa wakubwa ni magonjwa ya moyo, kiharusi, mapafu kuziba na saratani ya mapafu. Mama mzee asiyewahi kushika sigara anafika kliniki na kifua cha mvutaji. Tumeandika sheria kali za sigara. Za moshi wa ugali bado tunasitasita.

27/ Sheria ya Afya ya 2017 ilifanya jambo moja ninalolipenda: inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea kazini. Chumba kinaonekana. Mkaguzi anaweza kukifungua au kukikosa. Sheria hiyo hiyo inataka magonjwa yatokanayo na uchafuzi wa mazingira yapunguzwe, lakini kwa jikoni haikuweka kitu kama kile chumba: hakuna kipimo, hakuna tarehe, hakuna mstari wa bajeti. Na afya imegatuliwa, kwa hivyo ukiuliza Nairobi unaambiwa ni kaunti, ukiuliza kaunti unaambiwa pesa hazijafika.

28/ Mifano mizuri ipo pia. Mwaka 2016 Wajir ilipitisha sheria ya hazina ya tabianchi ya kaunti, ikatenga asilimia 2 ya bajeti ya maendeleo, na kamati za wadi zikapewa kazi ya kuchagua miradi. Makueni ilikuwa imetangulia na kanuni zake 2015. Ukiwa kwenye kamati ya wadi hungoji kuitwa "mnufaika". Unasema kisima kiwe hapa, si kule kwa mjomba wa mwakilishi wadi. Hicho ni kiti chenye uzito kuliko viti vingi vya mbele kwenye mahafali.

29/ Sasa kuna pesa mpya: kaboni. Marekebisho ya Sheria ya Tabianchi ya 2023 yanataka miradi ya ardhi ya umma na ya jamii iwe na mkataba na wenyeji. Miradi ya ardhi iwape angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia, isiyo ya ardhi asilimia 25, baada ya kutoa gharama. Vizuri. Lakini "jamii" inatia sahihi kwa mkono wa nani? Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inasema mkutano ni wa wanachama wote watu wazima, nao ndio huchagua kamati ya watu 7 hadi 15. Wote. Si wazee chini ya mti peke yao.

30/ Najua majibu yanayokuja hapo chini, kwa hivyo niyapokee. "Haya ni mambo ya wafadhili." Mwiko wa Kakamega haukuletwa na mfadhili, wala wilaya 12 za Sheria ya Urithi. "Wanaume nao wanaumia." Kweli kabisa. Mchungaji aliyepoteza ng'ombe wote na mchoma makaa aliyefungiwa ni wetu, na sheria nzuri ingewaona wote. Ila huwezi kugawa msaada sawa kama hujui nani anabeba nini.

31/ "Gesi nayo ni mafuta ya ardhini, inachafua." Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote. Ni kweli. Lakini kumwambia anayepumua moshi wa kuni leo asubiri umeme safi wa kesho ni kumlipisha deni la tabianchi ambalo hakukopa. Serikali imejiwekea lengo la upishi safi kwa wote kufikia 2028. Njia inaweza kuwa gesi, umeme, biogesi au jiko bora. Kinachonihusu ni kwamba njia iwe na bei inayowezekana na isibadilishwe kila Juni.

32/ Kwa hivyo mswada ukiletwa, iwe wa tabianchi, afya au fedha, muulize mheshimiwa wako maswali manne. Moja: kitu hiki kitakuwa kwa jina la nani? Mbili: nani anaketi kwenye kamati inayoamua, na anachaguliwaje? Tatu: pesa iko mstari gani wa bajeti? Nne: kuna sheria nyingine inayorudisha nyuma kile hii inachosukuma mbele? Akijibu kwa kaulimbiu, umeshapata jibu.

33/ Hayo maswali peleka pia kwenye vikao vya maoni ya umma. Vile vya bajeti ya kaunti huwa vinajaa watu wachache na chupa nyingi za maji. Wewe unayebishana hapa mpaka saa sita usiku, enda mara moja tu. Na ukienda, enda na mama yako au dada yako, kisha mwache aongee yeye.

34/ Uzi unaishia hapo. Kama uko kwenye kamati ya wadi au chama cha jamii cha msitu, tuandikie hapa chini: viti ni vingapi, wanawake ni wangapi, na mara ya mwisho mliamua kitu kikatekelezwa ilikuwa lini. Hapo ndipo tutajua sheria imefika au bado iko njiani.